Marehemu Aliyetufundisha Pensheni

Mwalimu wetu alikufa kabla hajazeeka, akazeeka akiwa bado amekufa, na muda wote huo hapakuwa na mtu mtaani kwetu Alunguli, ng'ambo ya mji wa Kindu, aliyemshinda kwa kelele. Nasema alikufa kwa maana ya serikali. Kwenye orodha ya walimu, mbele ya jina lake, paliandikwa "marehemu". Mama huyo mwenyewe alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, akipiga mswaki uani kila asubuhi na kuwasalimu wapita njia akiwa na povu mdomoni. Na kazi iliyompa sifa ng'ambo zote mbili za mto Lualaba ilikuwa kuwasaidia wazee wapate pensheni zao! Yeye hakuwa na mshahara wala pensheni, na kama mambo yasingegeuka angekufa mara ya pili bila kuonja hata franga moja ya uzee wake.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, na baraza lake limepakana na langu, kwa hiyo nimeyasikia masomo yake yote, nipende nisipende. Wastaafu walikuja Jumamosi alasiri, wa reli, wa hospitali, wa shule, pamoja na wajane wenye bahasha kifuani, kila mmoja na kiti chake kichwani. Wanaume waliowahi kuendesha treni nzima walikuwa wakinyoosha kidole ili waruhusiwe kujibu. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

"Muangalie fishi yenu!" akapaza Mwalimu. Fishi ndiyo karatasi ile ya mshahara ya mwisho wa mwezi. "Macho yenu inakimbilia wapi?"

"Chini!" wakajibu wote.

"Na chini iko nini?"

"Feza!"

"Hapana! Chini iko mabaki. Feza yenu iko juu. Muanze juu, mushuke pole pole, na kila mahali wanakata, mujue nani anakata na sababu gani!"

Siku moja walikuwa hawamwelewi. Aliona nyuso zimelala, akaruka kutoka kwenye baraza lake hadi langu, akanyakua kitenge kilichokuwa mezani na mkasi wangu wa kazi. "Hii njo mushahara muzima," akasema, yaani huu ndio mshahara mzima, akikinyanyua juu wote waone. Kabla sijafungua mdomo, akakata ukanda. "Hii njo kodi. Inaenda, hairudi. Hata ulie, hairudi." Akakata ukanda wa pili. "Na hii njo muchango ya uzee. Hii haipotei. Inakunjwa, inawekwa, inakungojea siku mugongo itakataa kazi. Sasa wewe unazarau huu mustari, kesho utavaa nini?"

Wazee wakapiga makofi, wakaelewa, na hawakusahau tena maishani. Lakini kitenge kilikuwa cha mteja, mama mmoja mwenye mwili wake, na Jumapili alikitaka kwa ubatizo. Nililia. Kisha nikaziba pengo kiunoni kwa vipande vya rangi nyingine, na yule mama akakipenda, akasema ni mtindo wa mji mkubwa, akaniletea wenzake. Mpaka leo kuna wanawake wanaokuja kwangu wakitaka nguo ya "muchango ya uzee", wala hawajui jina hilo limetoka wapi.

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa na subira hata chembe, na wakati huohuo angeweza kumrudia bibi asiyesoma mstari uleule mpaka jua lizame. Aliwahimiza watu wapange foleni kwa heshima, naye akifika ofisini alipita mbele ya wote akitumia mwavuli wake kufungua njia. Alihubiri akiba kuliko padri anavyohubiri toba, na yeye mwenyewe hakuwahi kuweka akiba ya kitu chochote isipokuwa hasira. Akipata kidogo, anakimbia sokoni kununua sukari, anawaita watoto wa mtaa, na chai inakwisha siku hiyohiyo. Alikuwa Mkristo, mtu wa kwaya, lakini siku ya Idi humpati nyumbani kwake. Alikuwa amekwisha kuketi kwa majirani Waislamu tangu asubuhi, akikosoa pilau.

Kati ya wanafunzi wake wote, aliyempa raha zaidi ni mzee wa mtaani kwetu tuliyemwita Papa wa Kalima, yaani Baba wa Kalima, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye kampuni ya zamani ya bati huko Kalima. Huyo alipoacha kazi alipewa karatasi yenye mhuri ikieleza kodi. Akaona neno kodi, akaona mhuri, akaogopa. Alipofika kutengeneza dosie yake, yaani jalada lake, ya pensheni, Mwalimu akamwuliza karatasi ile iko wapi.

"Mwalimu, mi nilizani wananiita kwa tribinali, kwa mahakama," akasema kwa aibu. "Nikaifunga na nailoni, nikaizika kwa shamba, nyuma ya mihogo."

"Ukaizika?"

"Nikaizika. Na juu yake nikapanda ndizi."

Mwalimu alimtuma akachimbe. Karatasi ilirudi na udongo, mchwa wameonja pembe moja, na Mwalimu akaibusu hivyohivyo, akacheza nayo barazani. "Hii haiko deni, Papa! Hii njo ushahidi kama ulishalipa! Umezika jasho yako mwenyewe!" Mzee akacheka mpaka machozi.

Lakini alikuwa na hofu nyingine. Kampuni ilikuwa imempa kitu kidogo cha kuagana, naye alikilalia godoroni kwa sababu alisikia kwamba ukiweka akiba kwenye nyumba ya akiba, serikali inakuja kuila. Mwalimu akaketi karibu naye, na safari hiyo hakupiga kelele. "Papa, kodi iko na mulango, na ule mulango iko na urefu yake. Sheria inasema kiasi fulani haiguswi. Feza yako iko fupi, itapita bila kuinama. Uulize kwanza urefu ya mulango, kisha njo uogope." Wakaenda pamoja wakauliza. Ilipita bila kuinama. Tangu siku hiyo Papa wa Kalima angemfuata Mwalimu hata motoni, na ilikuja siku akatuongoza sisi wote.

Sasa nieleze Mwalimu alivyokufa.

Katika miaka ya vita walimu hawakulipwa. Treni ilikuwa imelala, chumvi ilipotea sokoni Kindu, na wenye nguvu walisukuma baiskeli zenye chumvi na sabuni porini kwenda kuuza kwenye machimbo. Mwalimu alifunga darasa lake, akaazima baiskeli ya mdogo wake wa kiume, fundi wa baiskeli, akaondoka na msafara wa kwenda machimbo ya Punia. Risasi zikafunga njia nyuma yao. Miezi ikapita, na mtu mmoja aliyenusurika akaja kutuambia kwamba aliiona ile baiskeli kando ya njia, na mwili wa mwanamke umelala karibu yake. Baiskeli ilikuwa ileile aliyoazima. Mwili ulikuwa wa mtu mwingine, Mungu amrehemu, lakini hilo tungelijua lini?

Tukakaa matanga. Nilikuwa pale. Mdogo wake alilia mpaka sauti ikamkauka, akajigaragaza kwenye vumbi akisema ni baiskeli yake iliyomuua dada. Hapakuwa na mwili wa kuzika, basi tukamlilia bila kaburi, na ili asiondoke kama mtu asiye na kwao, kijana yule alikopa mchele, akakopa mbuzi, akalisha mtaa mzima. Vita vilipokwisha, serikali ikatuma watu kuhesabu walimu. Walipolitaja jina la dada yake, akasema kweli aliyoijua: amekufa. Wakaandika marehemu, wakampa pesa ya mazishi ambayo serikali hutoa, naye akalipa mchele na mbuzi, na haikubaki hata ya sabuni.

Halafu marehemu akarudi! Mchana, kwa miguu, kandambili za rangi mbili tofauti, kibuyu mgongoni. Nilimwona wa kwanza, nikapiga yowe moja, nikaangusha mashine. Watu wakatoka, wengine wakatimua mbio. Yeye akasimama katikati ya njia akishangaa.

"Juu ya nini munanipigia kelele? Mi iko na njaa."

Kumbe kule porini alijificha kwenye vitongoji vya wakulima, akawakusanya watoto, akawafundisha hesabu kwa makaa juu ya mbao mpaka njia ilipofunguka. Mdogo wake alipomwona alianguka akamshika miguu. Na Mwalimu alipoelezwa kuhusu matanga, jambo la kwanza aliloliuliza ni tulikula nini. Tukamwambia mbuzi. Akakasirika kabisa. "Nikiwa muzima hata kuku hamukunichinjia!" Tulicheka, tukalia, tukaimba, sijawahi kuiona Alunguli ikiwa na furaha kama siku ile.

Furaha iliishia ofisini. Alivuka mto, akasimama mbele ya karani, akasema yu hai, waandike. Karani akatazama orodha.

"Mama, hapa wameandika marehemu. Na feza ya mazishi ilitoka."

"Marehemu gani anakuja na mwavuli?"

"Basi kuna muntu alidanganya serikali akule feza yake. Ni ndugu yako. Utie sinyatire hapa kama yeye alidanganya, tutamufuata kwa sheria, kisha tutakurudisha kwa lisiti hii ya majina."

Alinihadithia mwenyewe jioni ileile. Sahihi yake ingemrudishia mshahara, na baadaye pensheni, na ingempeleka mdogo wake gerezani. Aliirudisha ile kalamu mezani. "Nikamuambia: mi sitamufunga ndugu yangu juu ya kunililia." Akatoka. Na tangu siku ile akabaki marehemu.

Alirudi darasani akaishi kwa michango ya wazazi, ambayo mwezi mmoja inakuja na mwezi wa pili inaapa itakuja. Mdogo wake alioa, akapata watoto, lakini kila mara hali ya dada ilipokuwa ngumu alikuja kichwa chini: "Yaya, dada yangu, uniache niende nifungwe, upate haki yako." Safari moja Mwalimu alimfukuza kwa kandambili mpaka kwenye kivuko. Hapo ndipo nilipoelewa ile harara yake ya Jumamosi. Alikuwa amesoma kila sheria ya mishahara na pensheni akijitafutia mlango ambao mdogo wake hatafungiwa nyuma yake. Hakuupata. Lakini njiani aliokota milango ya watu wengine wote, akawafungulia. Nilimhurumia sana, na nilimwonea fahari, na sikuthubutu kumwambia lolote kati ya hayo mawili, maana angenipiga.

Miaka ikaenda. Mgongo wake ukaanza kupinda. Ndipo ikatangazwa redioni kwamba walimu wazee wote watastaafishwa na kupewa pensheni, na kwamba asiyekuwa kwenye orodha siku ya kufungwa kwake asahau. Mtaa mzima ukamtazama. Akavuka mto peke yake, akarudi, akatwanga sombe, majani ya mihogo, akasema hakuna jipya.

Uongo! Papa wa Kalima alikuwa ofisini siku hiyo, kwenye foleni, akasikia kila kitu. Alikuja barazani kwangu mbio, mzee wa mkongojo.

"Fundi! Uache mashine! Mulango iko!"

Ofisi ilikuwa imepata mkuu mpya, mwanamke, na huyo alimsikiliza Mwalimu mpaka mwisho. Akamwambia: pesa ya mazishi ikirudishwa, na watu waliokaa matanga wakija kushuhudia kwamba na wao waliamini, basi hapa hakuna mwizi, ni makosa ya vita, na ndugu hatafuatwa. Mwalimu akajibu kwamba pesa hiyo hana, ndugu yake hana, na majirani hawatasumbuliwa juu ya mambo yake. Akaondoka zake.

"Majirani wasisumbuliwe!" Papa wa Kalima alikuwa akipiga mkongojo chini. "Ile mbuzi nani alikula? Si sisi njo tulikula?"

Kwetu, kwenye matanga, beseni huwekwa mlangoni, kila anayekuja hutia alichonacho, na mtu husimama kutangaza kwa sauti nani ametoa nini ili wafiwa wajue hawako peke yao. Papa wa Kalima alikwenda kuchukua beseni langu la kuloweka nguo, akaliweka mlangoni kwa Mwalimu, akasimama kando yake akaanza kutangaza. Yeye alitia wa kwanza, noti kutoka ile akiba iliyopita bila kuinama. Mimi nikatia. Wakaja wastaafu wa reli na viti vyao kichwani kama Jumamosi. Wakaja wajane. Majirani Waislamu wakaja na imamu wao, kwaya ikaja na mchele, mmoja akaja na jogoo akiwa hana franga. Wakaja vijana ambao siku ya matanga walikuwa mgongoni mwa mama zao, wakasema mama alikula kwa ajili yao. Vumbi, vigelegele, jogoo anapiga mbawa, na sauti ya mzee ikiyapaza majina!

Mwalimu alitoka ndani na mwiko mkononi.

"Nini hii? Munanifanyia matanga tena?"

"Hapana, Mwalimu," Papa wa Kalima akamjibu. "Ile ya kwanza, tunairudisha."

Aliketi kizingitini. Akauweka mwiko magotini.

Kesho yake tulivuka Lualaba kwa mitumbwi, mitumbwi mingi, na waliotuona wakauliza nani amefariki. Ofisi ilijaa mpaka madirishani. Mkuu, mwanamke mdogo mwenye miwani, akauliza nani kati yetu alikaa kwenye matanga ya mama huyu na kuamini amekufa. Mikono yote ikapanda, hata ya imamu. Mdogo wake alikuja mbele, akaweka pesa mezani, akafungua mdomo ajieleze, akashindwa. Imamu akamshuhudia, wajane wakamshuhudia, mimi nikaeleza alivyojigaragaza kwenye vumbi. Mkuu akapiga mhuri. Tulimbeba Mwalimu nje, naye alituamuru tumshushe kwa sababu tunamkunja nguo.

Pensheni ilikuja. Ni ndogo, msidanganyike, na mara nyingine inachelewa. Siku ya kwanza aliianza karatasi yake juu, akashuka polepole kwa kidole, akakosoa kila mstari, kisha akanunua sukari.

Mara ya mwisho kumsindikiza ilikuwa majuzi. Kila baada ya muda wastaafu huitwa waonekane kwa macho, ili ofisi ijue nani bado anaishi. Sasa ni mwepesi sana. Kwenye mtumbwi nilimshika asipeperuke. Upande mmoja mimi, upande mwingine mdogo wake, naye pia mvi tupu. Njia nzima Mwalimu alitugombeza: mimi kwa mwendo wangu, mdogo wake kwa shati ambalo halikupigwa pasi, mpiga kasia kwa kupiga kasia. Kwenye foleni aliwafundisha wawili watatu waliokuwa wameshika fishi kichwa chini.

Likaitwa jina lake. Karani alikuwa kijana mgeni, hakuwa akimfahamu. Akainua macho kutoka kwenye orodha, akauliza kama anavyowauliza wote:

"Mama, uko muzima?"

Mwalimu akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilimtazama, nikaona machozi yanashuka kwenye yale makunyanzi, na mkono wake umeng'ang'ania ukingo wa meza. Karani akasubiri, kalamu imesimama hewani. Nyuma yetu watu wakaanza kunong'ona kwamba mama huyu ana nini.

Ndipo mdogo wake akapita mbele yangu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa dada yake.

"Iko muzima," akasema. "Mi njo ndugu yake. Andika."